Skrubu Nyuma ya Triga

Jumamosi, 4 Januari 2025. Leicester

Imefika nyumbani. Crosman 2240 ya mtumba: bastola ya upepo ya Kimarekani, risasi moja moja, milimita 5.5, gesi yake ile ya kichupa cha gramu 12. Bolti unaivuta kwa mkono, unaweka risasi, unafunga. Bei nzuri mno, na sasa naanza kuelewa kwa nini. Muuzaji aliniambia kwa fahari kwamba triga ameichonga mwenyewe mezani kwake, na kwamba nikishaizoea hii sitaitaka tena ya kiwandani.

Kweli ni nyepesi. Unaigusa tu, imekwenda.

Jioni kibandani, mdomo umeelekea kwenye sanduku la kukamatia risasi, nimekoki, nimeweka risasi, nimefunga bolti. Ikalia. Kidole changu kilikuwa nje kabisa, kimelala juu ya fremu. Risasi iliingia sandukuni ilikotakiwa kuingia, maana ndiko bastola ilikokuwa imeelekea tangu naishika. Nikaimaliza gesi, nikaifunga kabatini. Ufunguo ninao mimi. Sheria ya hapa inamtaka mwenye silaha ya upepo ahakikishe aliye chini ya miaka 18 haifikii, na kijana wangu ana umri ule wa kufungua kila kitu kilichofungwa.

Jumapili, 5 Januari

Nimeirudia asubuhi, bila gesi wala risasi, kusikiliza tu. Ukikoki polepole, mara inashika, mara haishiki. Ikishika, ukiifunga bolti kwa nguvu kidogo inaachia. Baada ya kufyatua, triga mara nyingine inarudi mbele kama kawaida, mara nyingine inabaki nyuma imelegea mpaka uisukume kwa ukucha.

Nimeweka kichupa kipya nikapiga kwenye karatasi. Sauti hailingani. Mlio mmoja mkavu, unaofuata mnene na mzito, kisha mkavu tena. Kabla ya kuigusa kwa bisibisi nataka kujua kama hili la sauti ni ugonjwa mwingine au ni ule ule.

Wazo la kwanza la kila mtu litakuwa baridi. Gesi ya CO2 kwenye joto la nyuzi 20 ina msukumo wa kama bari 57. Kwenye nyuzi 5, ambazo ndizo za kibanda changu leo, inashuka hadi kama bari 40. Lakini baridi inapunguza zote. Haiipigi moja ikaisamehe ya pili.

Alhamisi, 9 Januari

Nimetoka kazini mapema, nimeifungua. Vibamba vya mpini kwanza, kisha skrubu zinazoshika fremu kwenye bomba, kisha kifuniko cha pembeni. Mtambo wenyewe ni mdogo wa kushangaza. Nyundo, yaani kipande kizito cha chuma cha mviringo, inasukumwa na springi yake ndani ya bomba. Ukikoki, unairudisha nyuma mpaka ndoano inyanyuke na kuikamata begani. Ukivuta triga, ndoano inashuka, nyundo inaruka mbele, inagonga shina la valvu, gesi inatoka. Basi. Mashine ya kukata tiketi ina vyuma vingi kuliko hii.

Kazi za yule bwana zimejionyesha mara moja.

Springi ndogo iliyo kati ya triga na ndoano si yake. Ni ya kalamu ya wino, ile ya kubofya. Nimeilinganisha na ya kalamu iliyokuwa mfukoni mwangu: waya ule ule, upana ule ule, ila hii imekatwa pingili mbili tatu upande mmoja, tena kwa koleo, mwisho wake umebaki umechongoka.

Mdomo wa ndoano unang'aa kama umepigwa msasa.

Na nyuma ya triga ametoboa tundu, akakata njia za skrubu vizuri tu (mkono wake si mbaya), akaweka skrubu ndogo ya kuizuia triga isiendelee kurudi nyuma baada ya bastola kufyatuka. Kazi ya skrubu hiyo ni halali. Hata bastola za mashindano zina kikomo cha namna hiyo, kwa sababu triga ikiangukia shimoni baada ya kufyatuka, mkono mzima unatikisika wakati risasi bado iko ndani ya mtutu.

Nimepiga picha kila hatua. Sijagusa kitu.

Jumamosi, 11 Januari

Leo kupima. Sina kipimo cha triga, ila nina chupa ya plastiki, waya na bomba la maji. Bastola kwenye jiriwa, imevikwa kitambaa, mtutu juu. Waya umenasa kwenye triga, chupa inaning'inia chini, namimina maji taratibu kwa kijiko mpaka inafyatuka. Kisha chupa kwenye mizani ya jikoni. Mama watoto ameona mizani yake inakwenda kibandani, akasema nikirudi nayo niioshe kwa sabuni mara mbili, maana huko kuna risasi na risasi ni sumu. Ana haki.

Majibu: gramu 410. Kisha 780. Kisha 520. Kisha haikungoja hata maji, chupa tupu ilitosha.

Uzito mdogo si kitu cha kujivunia peke yake. Kwenye mashindano ya mita 10 ya kimataifa triga haitakiwi kuwa chini ya gramu 500, na wanapima kwa kuinyanyua bastola na jiwe la mizani la uzito huo likining'inia kwenye triga. Yule Mturuki Yusuf Dikeç aliyepata medali ya fedha Paris 2024, ambaye dunia nzima ilimwiga akiwa na mkono mfukoni na miwani yake ya kawaida, naye alivuta triga ya kanuni hiyo hiyo. Vijana wa hapa waliiga mfuko. Hakuna aliyeiga kuvuta zile gramu 500 kwa namna ile ile, risasi baada ya risasi, bila mkono kujua lini inakatika.

Kwa hiyo ninachokitafuta ni namba inayojirudia. Ikiwa 1,300 kila mara, naichukua. Bastola ya 400 halafu 780 siitaki hata bure.

Jumapili, 12 Januari

Nimempigia mjomba Tanga. Miaka yote hii bado anatengeneza vyerehani pale Ngamiani, na sijawahi kumletea chuma akakosa la kusema.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, baba. Habari za Ulaya?"

Nikamweleza. Aliposikia neno bastola akanyamaza, kisha akauliza kama kazi ya mabasi imeisha nimeingia kwenye ujambazi. Nikamwambia ni ya upepo, ya kupigia karatasi, huku inauzwa kwa mwenye umri wa miaka 18 bila leseni. Akasema, "Haya, mimi sijasikia. Nionyeshe hiyo springi."

Nikaisogeza kwenye kamera. Akaitazama kwa muda, akauliza inasukuma nini. Nikamwambia vitu viwili: upande huu inainyanyua ndoano, upande ule inairudisha triga.

"Basi huyo aliyeikata kapunguza mishahara ya watu wawili akidhani anampunguzia mmoja."

Kisha akaniambia kitu ambacho nakiandika hapa nisije nikakisahau. Springi dhaifu, akasema, haiwezi kuila ncha ya chuma. Inachofanya ni kuchelewesha. Kama ndoano imelika, aliyeila ni mwingine. "Mtafute huyo. Usinunue vyuma kabla hujampata, utamlisha na kipya."

Jumatano, 15 Januari

Nimeagiza springi ya saizi ya asili na ndoano mpya. Mjomba atanisamehe kwa kununua mapema. Posta ya hapa nayo inachukua muda wake.

Nimeazima kipima kasi cha klabu. Risasi ninazotumia zina uzito wa gramu 0.93. Kasi za leo, kibanda kikiwa na joto la hita: mita 128 kwa sekunde, 96, 121, 103, 126. Sikio halikudanganya. Hata kasi ya juu kabisa inatoa kama jouli 7.6, chini ya kikomo cha bastola hapa Uingereza cha futi-pauni 6, ambazo ni kama jouli 8.1. Nimeandika kwa makusudi. Bastola ya upepo ikivuka hapo inahesabiwa silaha iliyopigwa marufuku, na siwezi kusema kwamba aliyeichokonoa ni mwenzangu. Springi ya nyundo inaonekana ni yake ya asili, sitaigusa. Najua wapo wanaoilegeza ili triga iwe nyepesi, kwa kuwa nyundo ikisukuma kidogo msuguano kwenye ndoano unapungua nao. Lakini hapo unakopa kwenye nguvu ya risasi kulipia kidole. Na wanaoikaza wanakwenda upande wenye polisi.

Jumamosi, 18 Januari

Nimempata.

Tangu Alhamisi ile nilikuwa naamini kwamba mdomo wa ndoano uliviringika kwa msasa. Ndivyo ulivyoonekana: unang'aa, kona imekufa. Leo nimeuweka chini ya lenzi ya saa, taa ya pembeni, nikaugeuzageuza mpaka mwanga ulipoulamba vizuri.

Ni kweli msasa umepita. Kuna mikwaruzo midogo iliyonyooka, sambamba, imekwenda kwa ubavu kutoka kushoto kwenda kulia. Huyo ni mtu na jiwe. Lakini kwenye ukingo wenyewe, pale mahali pembamba ambapo bega la nyundo linakaa, chuma hakikuliwa. Kimekunjwa. Kuna utando mwembamba wa chuma uliolala kuelekea mbele, kama nusu ya unene wa karatasi, na ukipitisha ukucha kutoka nyuma unateleza, ukirudisha kutoka mbele unakwama.

Jiwe halikunji chuma, linakula. Kilichokunja ni kitu kilichopita kwa kasi kutoka nyuma kwenda mbele, na ndani ya bomba lile kitu kinachokwenda hivyo ni kimoja tu, nyundo. Nikaitoa nayo. Ukingo wa bega una kovu jembamba, jeupe, upana ule ule wa ndoano.

Kwa hiyo nyundo ilikuwa inaikwangua ndoano kila bastola inapofyatuka. Kwa nini ndoano isishuke ikampisha mwenzake? Nikairudisha fremu kwenye jiriwa, kifuniko wazi, nikavuta triga kwa kidole polepole nikitazama mdomo wa ndoano unavyoteremka. Unateremka, unateremka, halafu triga inagonga skrubu ya kikomo na kila kitu kinasimama. Ndoano imebaki juu kidogo. Kidogo sana: imeshuka kiasi cha kuiachia nyundo, haikushuka kiasi cha kuikwepa.

Nikaifungua skrubu nusu duru. Ndoano ikashuka hadi chini.

Sasa yote yamekaa kwenye mstari mmoja. Aliiingiza skrubu mpaka ndani ili triga ikatike na kusimama hapo hapo, na bila shaka siku ya kwanza ilikuwa tamu; triga ya namna hiyo inakatika kama kijiti kikavu. Lakini tangu siku hiyo nyundo ikawa inagonga ukingo ikipita. Ikigonga sana inapoteza mwendo, inaigusa valvu kidogo, gesi inatoka kidogo: hizo ndizo 96 na 103 zangu. Ikigonga kidogo, 126. Na kila mlio ulikuwa unauviringisha mdomo zaidi, mpaka ukafika mahali ambapo uso wake umeinamia mbele, na bega la nyundo badala ya kukaa linateleza lenyewe. Hapo bastola haihitaji kidole. Mtikisiko wa bolti unatosha.

Springi ya kalamu ilikuja kumalizia. Ndoano haikunyanyuka yote, ikawa inamshika mwenzake kwa ncha tu, kwenye ile kona iliyokwisha kufa.

Nadhani alipoona haishiki vizuri akaongeza msasa, akifikiri tatizo ni ukwaru. Hilo sina ushahidi nalo, ila mikwaruzo ya msasa iko juu ya chuma kilichokunjwa kwenye pembe moja, haiko chini yake. Ninamwona kabisa amekaa mezani usiku, anasugua.

Nimemtumia mjomba picha ya lenzi. Amejibu kwa sauti, sekunde chache: "Ndiyo huyo. Mfunge."

Jumapili, 19 Januari

Springi imefika, ndoano imefika. Ndoano ya zamani nimeiweka kwenye bahasha pamoja na ile springi ya kalamu. Wapo wangeichonga upya, mimi hapana. Ukichukua chuma kwenye uso unaoshika nyundo umebadilisha na pembe na kimo, na kama chuma kilitiwa ugumu juu juu tu, chini yake utakuta laini, kitalika tena baada ya muda mfupi. Mpya ilikuwa bei ya sahani ya chipsi na samaki.

Kwenye mpya sikuunoa uso wenyewe. Nimefuta ubavu wake kwa msasa laini wa maji, pale unapogusana na fremu, nikaondoa ukwaru wa kiwandani, basi. Tone la grisi kwenye pini. Skrubu ya kikomo nimeitoa kabisa kwa leo, nione mtambo unavyofanya kazi wenyewe kabla ya kuurudishia kizuizi.

Nikapaka wino wa maka mdomo wa ndoano, nikakoki na kuachia taratibu bila gesi. Wino umefutika kwenye mstari mnene, ulionyooka, umechukua upana wote. Kwenye ile ya zamani ulikuwa unafutika kwenye kona moja, alama ndogo kama ya kucha.

Kisha kipimo cha kugonga. Imekokiwa, haina gesi wala risasi, nimeigonga kwa nyundo ya mpira kwenye mpini, chini ya fremu, kisogoni, ubavuni, kwa nguvu ambayo mtu angeidondosha nayo mezani. Haikuachia. Nimefunga bolti kwa kishindo mpaka mama watoto akaja dirishani kuuliza nimegombana na nani. Haikuachia.

Jumamosi, 25 Januari

Chupa ya maji tena: 1,340, 1,310, 1,350, 1,330. Nzito kwa kidole kilichozoea ile nyingine. Sijali. Sasa naweza kuanza kuvuta nikijua ni wapi itakatika.

Skrubu ya kikomo imerudi. Namna ya kuiweka, niandike kabla sijasahau: bastola haina gesi, imekokiwa, skrubu imeingizwa mpaka triga haiwezi kufyatua kabisa. Kisha unavuta triga na kuishikilia, unaifungua skrubu polepole mpaka nyundo iachie. Wengi wanaishia hapo. Hapo ndipo alipoishia yule bwana. Unaendelea kuifungua, nusu duru na zaidi, huku unaitazama ndoano mpaka iwe na nafasi chini ya nyundo ambayo jicho linaiona bila lenzi. Ile raha ya triga kusimama papo hapo unaikosa kidogo.

Skrubu isijizungushe nimeiwekea tone la rangi ya kucha. Nyekundu. Niliomba; sikuchukua.

Kipima kasi, hita ikiwaka: 122, 119, 124, 121, 120. Kama jouli 7.1 ile ya juu kabisa. Kipima kasi kinarudi klabuni Alhamisi.

Alhamisi, 30 Januari

Klabu, mita 10. Msimamizi wa uwanja aliposikia kwamba triga imewahi kuchokonolewa, akaichukua, akaigonga kwa kiganja ikiwa imekokiwa, akaivuta mwenyewe, akanirudishia bila neno. Kwake huo ni muda mrefu wa mazungumzo.

Shabaha ya mita 10 ina duara la kumi la milimita 11.5, dogo kuliko sarafu ya peni moja, na bastola hii haikutengenezwa kwa mchezo huo, wala mimi. Risasi zangu nyingi zimeanguka kwenye saba na nane, kushoto, na kushoto ni kidole changu kinachosukuma badala ya kuvuta. Lakini zimeanguka pamoja. Zile zilizokuwa zinashuka chini zenyewe bila sababu hazipo tena.

Kijana ameuliza lini atakuja. Atakuja, mimi nikiwa pembeni yake, na ataanza na bastola ya klabu.

Nilipofika nyumbani nikaweka sikio kwenye bomba: mlio mwembamba, unatoka mbele kwenye kifuniko cha kichupa. Mpira umekauka. Saizi yake haijaandikwa popote, kesho nitaupima kwa kalipa kazini wakati wa chai.